Ramadhani, siku ya 18: Kondoo walioingia shambani usiku



Wazee wangu, mama zetu, vijana wetu, alhamdulillah tumefika siku ya 18. Nilikuwa nimepanga leo tuendelee na mambo ya ulimi. Lakini juzi baada ya Tarawehe pale barazani mjadala uliwaka. Mtu alisimulia habari ya kijana aliyepatikana na hatia ya wizi, na hakimu badala ya kumpeleka gerezani akampa kazi za kijamii. Mzee wetu mmoja akakata maneno: "Mwizi afungwe. Kufagia zahanati ndiyo adhabu gani?" Wengi wakaitikia. Usiku huo nikapokea ujumbe kwenye simu kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa anatusikiliza upande wa pili wa pazia. Aliandika mstari mmoja tu: "Shekhe, wakimfunga, mwenye mali anarudishiwa nini?"

Hilo ndilo swali la leo. Naomba mlisome taratibu, msije mkasema imamu anatetea wezi.

Kwanza fungua msahafu wako, Suratul Baqara. Aya ya 183 kila mtoto wa madrasa anaijua, ndiyo aya ya kufaradhishwa funga. Mwezi huu tumeshaisikia mara ngapi! Sasa rudi nyuma aya tano tu, soma ya 178. Utaona inaanza kwa mwito uleule kwa walioamini, na tamko lilelile la kwamba jambo hili mmeandikiwa. Jambo lenyewe ni kisasi katika mauaji, yaani haki ya ndugu wa marehemu. Katikati ya aya hiyo, Mola wetu anafungua mlango: aliyeua akisamehewa kitu na upande wa aliyeuawa, basi ufuatiliaji uwe wa wema, na malipo yatolewe kwa uzuri. Na pale panapotajwa huyo mwenye kusamehe, anaitwa ndugu yake. Ndugu wa nani? Wa muuaji. Damu haijakauka bado, na Qur'ani inawaita ndugu.

Amri mbili zimeandikwa karibukaribu katika sura moja. Ya funga tumeishika barabara, mtu akionekana anakula mchana kijiji kizima kinajua. Hii ya 178 tumewaachia mahakimu na mapolisi, kana kwamba haikuandikwa kwetu.

Turudi kwa yule mama. Tuchukue mfano wa hapahapa kwetu. Tuseme mama mjane ana kibanda cha kuuza sukari na sabuni, juu ya bati ameweka paneli ya sola aliyoinunua baada ya kuuza maharage ya msimu mzima. Kijana wa kitongoji cha jirani anaipanda usiku na kuishusha. Anakamatwa, anapelekwa mahakamani. Kesi inaitwaje? Inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Mama hayumo kwenye jina la kesi. Yeye ni shahidi wa kwanza, basi. Atatoka Rungwe Mpya asubuhi, atalipa nauli mpaka Kasulu, ataambiwa kesi imeahirishwa. Atarudi tena. Mwisho kijana anafungwa, tuseme miezi kumi. Serikali inamlisha kwa kodi, na kodi hiyo imo hata kwenye ile sukari anayouza mama. Watoto wa mama wanaendelea kusoma kwa kibatari. Kijana akitoka, amekaa miezi kumi na watu waliomzidi ujanja, na anarudi kitongoji kilekile. Hajawahi kumtazama huyo mama usoni. Hajawahi kusikia kwamba siku ile mtoto alikuwa na mtihani.

Sisemi serikali ikae pembeni. Kuna hekima kubwa Jamhuri kubeba kesi. Ingekuwa kila mtu adai haki yake kwa nguvu zake, mjane huyu angemdaije kijana ambaye baba yake ana ng'ombe mia na shemeji yake ni mwenyekiti? Serikali ilichukua kesi ili mnyonge asisimame peke yake. Ila katika kuichukua, imeondoka na kesi yote, na mnyonge ameachiwa hasara.

Sasa tusikilize kisa kilichomo katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79. Wakulima na wafugaji wa hapa kwetu, hiki ni chenu kabisa. Kondoo wa watu waliingia katika shamba la mtu usiku. Tamko la Kiarabu lililotumika pale ni la mifugo inayotawanyika kuchunga usiku bila mchungaji, yaani uzembe umo. Wakaliharibu shamba. Kesi ikafika kwa Nabii Daudi, amani iwe juu yake. Wafasiri, wakipokea kutoka kwa Ibn Abbas, Ibn Mas'ud na wengineo, wanaeleza kwamba Nabii Daudi alihukumu mwenye shamba apewe wale kondoo. Na hukumu hiyo ilikuwa na uadilifu, kwa sababu thamani ya uharibifu ilikuwa inakaribiana na thamani ya kondoo. Mtu kapoteza, kalipwa, kesi imekwisha.

Mwanawe Suleiman, naye bado kijana, akaona njia nyingine. Akasema: mwenye shamba achukue kondoo kwa muda, anywe maziwa yao, anufaike na sufi yao na watoto watakaozaliwa. Na mwenye kondoo aingie shambani, alime, ahudumie, mpaka shamba lirudi kama lilivyokuwa usiku ule kabla ya kuvamiwa. Siku hiyo ikifika, kila mmoja atarudishiwa chake.

Hebu pima tofauti. Katika hukumu ya kwanza mwenye kondoo anatoka akiwa maskini, na mwenye shamba anatoka na mifugo na shamba lililoharibika. Katika hukumu ya pili, aliyeharibu anashika jembe. Kila asubuhi anaamkia kwenye uharibifu wake mwenyewe, anaurekebisha kwa mikono yake, mbele ya macho ya yule aliyemharibia. Mwenye shamba halali njaa wakati anasubiri. Na mwisho wa yote kijiji kimebaki na mkulima mmoja na mfugaji mmoja, wala hakijapata maskini mpya na adui mpya. Qur'ani inasema fahamu ya jambo hilo alipewa Suleiman, kisha hapohapo inawasifu wote wawili kwa hukumu na elimu. Zingatia hapo. Hukumu ya Daudi haikuitwa dhulma. Ila kuna haki, na kuna haki iliyofahamu zaidi.

(Kwa faida ya wafugaji: imepokewa pia kwamba ngamia wa Swahaba Al-Baraa bin Azib aliingia kwenye bustani ya watu akaharibu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akaamua kwamba mchana ulinzi wa shamba ni juu ya mwenye shamba, na kinachoharibiwa na mifugo usiku ni juu ya mwenye mifugo. Msimu wa mahindi ukifika tutakumbushana.)

Wataalamu wa leo hiyo njia ya Suleiman wanaiita haki rejeshi, yaani haki inayorejesha kilichovunjika. Na sheria za nchi yetu zimeshaifungulia mlango, pengine zaidi ya tunavyojua. Katiba, Ibara ya 107A, inapotaja misingi ambayo mahakama ifuate, imo ya kuwapa fidia ipasavyo watu walioathirika kwa makosa ya wengine, na imo ya kukuza usuluhishi baina ya wenye mgogoro. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kuwapatanisha watu kwa makosa madogo ya binafsi, kama kupigana kusiko na madhara makubwa, wakakubaliana fidia na shauri likaishia hapo. Uangalizi wa probesheni upo tangu enzi za Mwingereza. Kisha mwaka 2002 likatungwa jambo ambalo mzee wetu amelikasirikia: Sheria ya Huduma kwa Jamii. Aliyetiwa hatiani kwa kosa lenye kifungo kisichozidi miaka mitatu, au hata kosa kubwa zaidi lakini hakimu akaona miaka mitatu au pungufu inamtosha, anaweza, kwa ridhaa yake, kutumikia adhabu nje ya gereza kwa kazi za umma bila malipo.

Kabla hakimu hajaamua hivyo, afisa probesheni hufanya uchunguzi. Anauliza: huyu kijana ni mtu wa namna gani, familia ikoje, jamii inamwonaje, aliyekosewa anasemaje. Sasa hapa ndipo ninapotaka tujiangalie. Afisa akija kwetu kuuliza, sisi tunasema nini? Tunasema "mfungeni", halafu tunarudi kunywa kahawa. Afisa anaandika: jamii haimtaki. Hakimu anasoma. Gereza linaongezeka mtu mmoja. Mnaona? Adhabu nyingine tunaziandika sisi wenyewe pale barazani, kisha tunasema serikali ndiyo imefunga.

Sasa niseme na upande ambao mzee wetu ana haki. Kufyeka majani ya zahanati hakurudishi paneli. Kijana akifanya kazi za umma miezi sita, kijiji kimelipwa, mama bado yuko gizani. Serikali ilipoanzisha adhabu hizi, sababu kubwa inayotajwa mara kwa mara ni msongamano. Magereza yetu yana nafasi ya watu karibu 30,000, na kwa miaka mingi yamebeba zaidi ya hapo, sehemu kubwa wakiwa mahabusu ambao kesi zao hazijaisha. Kupunguza msongamano ni jambo jema, binadamu si magunia ya mihogo ya kupangwa. Lakini Suleiman hakuhukumu vile kwa sababu zizi la Daudi lilikuwa limejaa. Alitazama shamba. Kwa hiyo tukiiomba serikali itie nguvu katika njia hii, tuombe na nusu iliyobaki: fidia iende kwa aliyeumizwa, maafisa probesheni wawepo wa kutosha hata huku vijijini, na aliyekosewa aulizwe mapema, asisubiri kuitwa shahidi.

Hata msamaha wa Rais uko hivyohivyo. Desemba 9, 2019, pale Mwanza, wafungwa 5,533 walisamehewa kwa mkupuo. Familia zililia kwa furaha, na haki yao kufurahi. Ila katika dini yetu, msamaha wa haki ya mtu uko mkononi mwa mtu huyo. Serikali inaweza kusamehe kifungo chake yenyewe. Paneli ya mama inasamehewa na mama.

Mnasema: wizi utaongezeka. Huenda ungeongezeka kama kurejesha kungekuwa kazi nyepesi. Muulize kijana yeyote, lipi gumu: kulala gerezani na wenzako, au kusimama mbele ya huyu mama na watoto wake, useme kwa kinywa chako ulichofanya, kisha umlipe kidogokidogo kila ukiuza gunia lako la mahindi, huku unakutana naye kila siku kisimani? Na tusijidanganye kwamba njia ya pili huku kwetu ni gereza. Mara nyingi njia ya pili ni tairi na petroli. Watu wakiona haki haifiki, wanajichukulia sheria mkononi, na asubuhi tunazika mtoto wa mtu kwa ajili ya kuku wawili. Anayewasha moto huo amebeba damu, na swaumu yake haimfuniki.

Kuna kisa cha Umar bin Khattab ambacho Imamu Malik amekipokea katika Muwatta. Watumwa wa Hatib waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Umar alikaribia kuwakata mikono. Kisha akamgeukia Hatib mwenyewe, akamwambia naona unawashindisha njaa. Akamuuliza mwenye ngamia, ngamia wako thamani yake ngapi? Akasema sikuwa tayari kumuuza hata kwa dirhamu 400. Umar akamwamuru Hatib alipe 800. Mwenye ngamia akapata mara mbili, na aliyezalisha njaa ndiye aliyelipa. Sisi mwizi akikamatwa huwa hatuulizi kama kuna tajiri wa tumbaku aliyemkalishia ujira wake miezi minne.

Wapo wakorofi ambao hawarekebishiki kwa maneno, na wapo wanaotisha watu. Kwao gereza lipo, wala si jambo geni katika Uislamu. Umar huyuhuyu katika ukhalifa wake ilinunuliwa nyumba kule Makka kwa ajili ya kufungia watu. Sisemi Bangwe ifungwe.

Lakini lipo jambo naogopa kuliko yote, na hapa naomba wanaume mnisikilize vizuri. Neno "suluhu" huku kwetu limechafuliwa. Binti wa darasa la sita anabakwa. Kabla mama yake hajafika kituoni, wazee wameshakaa. Mbuzi mmoja, pesa kidogo, kanzu za wakubwa, na dua juu yake. Wanasema "tumeyamaliza kifamilia". Binti hakuulizwa. Mama yake alifokewa. Aliyebaka anapita njia ileile ya shule. Wallahi hiyo si suluhu. Mtume wetu amefundisha kwamba suluhu baina ya Waislamu inajuzu, isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kununua ukimya wa mtoto ni haramu, hata mkisoma fatiha mara mia. Ubakaji hauna kikao cha barazani. Kuna polisi, kuna dawati la jinsia na watoto, mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo. Hivyohivyo mwanamke anayepigwa mpaka anavunjika mkono. Msimrudishe kwa mumewe kwa mkeka na kilo mbili za sukari mkasema mmepatanisha.

Mnaniuliza tutajuaje suluhu ya kweli na ya uongo? Mimi hutazama mambo machache. Aliyeumizwa alikuwepo, alisema, na alikuwa huru kusema "sikubali"? Maana aya ya 178 haimlazimishi mtu kusamehe, inampa nafasi. Pili, mkosaji alikiri, au alikuja tu na pesa? Tajiri anayelipa bila kukiri amenunua kesi kama anavyonunua mafuta ya taa. Na hiyo fidia iliishia kwa nani? Nimesikia vikao ambavyo waamuzi walikula zaidi ya mwenye haki.

Majirani zetu wametupa mfano mzito. Ndugu zetu walioko kambini Nyarugusu, waliotoka Burundi, watawaeleza habari za abashingantahe, wazee waliokuwa wakipatanisha watu vilimani. Lugha yao tunaielewa, Kiha na Kirundi ni jirani wa ukuta mmoja. Na Rwanda baada ya mauaji ya 1994 walikuwa na washukiwa wengi kuliko mahakama zingeweza kuhukumu. Wakaanzisha gacaca, wananchi wameketi kwenye majani, mshukiwa na walionusurika uso kwa uso, tangu 2002 mpaka zilipofungwa Juni 2012. Waliokiri walipunguziwa, na wengine sehemu ya kifungo chao wakaitumikia kwa kazi za umma. Haikuwa safi yote. Wapo mashahidi walioogopa, wapo waliokiri nusu ya waliyofanya. Lakini wapo wajane ambao kwa mara ya kwanza waliambiwa mume wako tulimtupa pale, nenda ukamzike. Hilo gereza peke yake halikuwa limewapa.

Tumebakiwa na siku chache za mwezi huu. Mnajua kwamba dhambi ya kula mchana kwa makusudi, ya kukosa swala, hizo ni baina yako na Mola wako, na Yeye ni mwingi wa msamaha. Haki ya mja haifutwi na Tarawehe. Mtu atakuja Siku ya Kiyama na swala na swaumu na zaka, lakini kamtukana huyu, kala mali ya yule, kampiga mwingine, na mema yake yatagawiwa kwao mpaka yaishe. Mtume amemwita huyo ndiye aliyefilisika. Kwa hiyo kama una kitu cha mtu, jembe, deni, mpaka wa shamba uliosogeza msimu uliopita, usisubiri polisi. Nenda wewe mwenyewe kabla ya Idi. Ukiogopa kwenda peke yako, niambie tutakwenda wawili.

Na kama nyumbani kwenu kuna aliyekosewa, muulizeni kwanza anataka nini. Msimwambie asamehe. Muulizeni tu, mnyamaze, mumsikilize.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Jumamosi baada ya Alasiri tutakaa na kamati ya msikiti kujadili kama tunaweza kuiandikia ofisi ya kata kwamba msikiti uko tayari kushirikiana na afisa probesheni, akiletwa mtu wa kutumikia huduma kwa jamii. Kuna mfereji wa maji pale chini unaohitaji mikono. Wanaopinga waje pia, nao nataka kuwasikia. Kina mama, nafasi zenu zitakuwepo mbele, siyo nyuma ya pazia, kwa sababu safari hii tunahitaji kusikia sauti zenu vizuri.

Kesho inshaAllah tunaanza Zakatul-fitri: kiasi chake kwa mahindi na kwa mchele, na nani anastahiki kupewa. Maswali yatumeni kabla ya Adhuhuri.

Wabillahi tawfiq.